Taifa Lisilo na Wahunzi Wake

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 13, imo habari ambayo mahubiri yetu aghalabu huipita kwa haraka. Wafilisti walikuwa wamehakikisha kwamba hapana mhunzi hata mmoja katika nchi nzima ya Israeli. Mkulima aliyetaka kunoa jembe, shoka au mundu wake alilazimika kuteremka kwa wale wale waliomwonea, na huko alilipishwa. Siku ya vita ilipowadia, hapakuonekana upanga wala mkuki mikononi mwa jeshi zima, isipokuwa kwa Sauli na mwanawe Yonathani.

Wafilisti walifahamu jambo ambalo sisi wapigania mageuzi wa Kenya tumekuwa wepesi wa kulisahau: mwenye kushika nyundo na tanuri hushika pia hatamu za utawala. Taifa laweza kuwa na bendera, wimbo, bunge na masanduku ya kura, na bado likawa linateremka kila mwaka kwa wengine kunoa jembe lake. Kenya huagiza kutoka ng'ambo mitambo ya viwanda, chanjo za watoto, mbolea na hata mitambo ya kuwatambua wapiga kura. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliiamuru tume ya uchaguzi iruhusu mitambo yake ya kompyuta ikaguliwe. Tume haikutii amri hiyo kikamilifu, na ukaidi huo ukawa mojawapo ya sababu za kubatilishwa kwa uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba mwaka huo. Wapigania demokrasia walipata siku ile somo la sayansi ambalo hawakuliomba: kura isiyoweza kukaguliwa na wananchi si kura yao.

Wako ndugu zetu katika harakati hizi watakaouliza: sayansi na teknolojia zatuhusu nini sisi? Je, si mambo ya maprofesa na wahandisi? Kazi yetu ni katiba, haki na uchaguzi. Jibu letu ni kwamba sayansi, kabla haijawa mashine au dawa, ni tabia. Ni tabia ya kuuliza, ya kupima, ya kusema "nimeona vingine" mbele ya mkubwa, na ya kukubali kupimwa na wengine. Tabia hiyo haiwezi kuishi katika nchi inayoogopa maswali. Kwa hiyo twasema wazi: mageuzi ya sayansi na mageuzi ya siasa ni safari moja, na anayetaka moja bila ya nyingine ataambulia patupu.

Ushahidi wa neno hili umo katika historia yetu wenyewe.

Mwaka 1980 serikali ilikipiga marufuku chama cha wahadhiri. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha Kifungu cha 2A cha katiba, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria. Katika mwaka huo huo wahadhiri kadhaa walitiwa kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani, wengine wakafungwa, wengine wakakimbilia ng'ambo, na baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungwa hadi mwaka uliofuata. Tujiulize kama watu wazima: ni mtafiti gani angefanya kazi ya miaka 5 au 10, inayotaka utulivu wa akili na uhuru wa mabishano, katika chuo ambacho chumba cha mihadhara kilikuwa na masikio ya wapelelezi? Wengi walifunga mizigo. Jirani zetu wa kusini mwa bara hili, na vyuo vya Ulaya na Marekani, vilipokea bure matunda ya miti iliyopandwa kwa kodi za wakulima wetu wa kahawa na majani chai.

Ndipo sayansi ilipoanza kuendeshwa kwa amri. Mwaka 1986 Rais Moi alikiagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata kama lingekuwa baya na la mwendo wa polepole. Wahandisi wetu hawakuwa wavivu wala wajinga. Walifanya kazi usiku na mchana, na mnamo Februari 1990 gari la Nyayo Pioneer lilionyeshwa Kasarani kwa shangwe na nderemo. Magari hayo ya majaribio yalitembea. Lakini baada ya sherehe, hapakuwa na mtaji wa kiwanda wala hesabu ya soko. Hapakuwa pia na mtu aliyethubutu kumwambia mkubwa kwamba gari la maonyesho ni hatua ya kwanza tu, na kwamba hatua 100 zilizobaki ndizo za gharama. Wakenya hawakupata kulinunua gari hilo madukani. Shirika lililoundwa kwa ajili yake lilibadilishwa jina, na nchi ikaendelea kununua mitumba ya magari.

Mwaka huo huo wa 1990 ulileta jambo zito zaidi, kwa kuwa liligusa uhai wa watu. Dawa iliyoitwa Kemron ilitangazwa nchini kuwa ushindi juu ya UKIMWI, na tangazo hilo lilipigiwa debe na Rais mwenyewe. Wagonjwa walijaa matumaini. Wengine walisafiri kutoka mbali kuitafuta. Uchunguzi uliofanywa baadaye na wataalamu wa mataifa mbalimbali haukupata faida iliyodaiwa. Kukosea si dhambi ya sayansi, maana sayansi husonga mbele kwa kugundua makosa. Dhambi ilikuwa kuligeuza jaribio ambalo halijakamilika kuwa sifa ya taifa na ya kiongozi, hata aliyelitilia shaka akaonekana adui wa nchi. Mkuu wa dola akishatamka kwamba dawa inaponya, ni daktari gani wa hospitali ya wilaya atakayesimama kusema haiponyi? Na mgonjwa je, alipie kimya hicho kwa maisha yake?

Katika miaka ile ile alikuwako mwanasayansi aliyethubutu. Profesa Wangari Maathai alikuwa mtaalamu wa anatomia ya wanyama, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu, mwaka 1971. Aliposema kwamba ukataji wa miti unakausha chemchemi na kumchosha mama anayetafuta kuni, alizungumza kama mtu aliyepima. Alipoupinga mwaka 1989 mradi wa jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru, alitukanwa bungeni. Mwaka 1992 alipoketi bustanini humo pamoja na akina mama wa wafungwa wa kisiasa, walipigwa na polisi, na Kanisa Kuu la All Saints likawafungulia mlango. Mizani ya mwanasayansi, haki ya raia na mlango wa kanisa vilikutana mahali pamoja. Jumba lile halikujengwa, bustani ipo.

Sasa tujibu hoja moja ambayo watetezi wa utawala wa mkono wa chuma huipenda mno. Husema: tazameni Korea Kusini. Ilikuwa maskini kama sisi, ikatawaliwa na jenerali, na leo inatengeneza meli, magari na simu. Basi uhuru wa nini?

Hoja hii haipaswi kukwepwa, kwa sababu nusu yake ni kweli. Jenerali Park Chung-hee alikuwa dikteta, na watu wake walilipa gharama ya udikteta huo. Lakini angalieni alivyoitendea sayansi. Mwaka 1966 aliunda taasisi kubwa ya utafiti, akaipa sheria yake maalum ili maofisa wa serikali wasiisumbue. Akawaita wasomi wa Kikorea waliokuwa ng'ambo, akawapa mishahara minono, nyumba na vifaa, kisha akawaacha wafanye kazi. Alipokuwa akiwaita wa kwake warudi, muda si mrefu sisi tukaanza kuwafukuza wa kwetu. Na Korea yenyewe haikukomea hapo. Wananchi wake waliung'oa utawala wa kijeshi mwaka 1987, na ni katika miaka ya uhuru ndipo ilipotoka katika kuiga na kuingia katika kuvumbua, hata leo inatenga karibu asilimia 5 ya pato lake kwa utafiti. Dikteta aweza kuamuru watu wajenge kiwanda ambacho mwingine amekwisha kukibuni. Hawezi kuamuru mtu afikiri jambo ambalo halijapata kufikiriwa. Nasi tulikuwa na dikteta asiyelinda hata maabara. Tulipata hasara ya pande zote mbili.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba Mkenya hana kipaji. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na vipo vyetu vinavyoelea.

Nendeni Olkaria, karibu na Naivasha. Visima vya kwanza vya kutafuta mvuke wa ardhini vilichimbwa huko katika miaka ya 1950, navyo havikuleta umeme. Kazi ikarudiwa baada ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15 tu, uliwashwa mwaka 1981. Mwaka baada ya mwaka vijana wetu walipelekwa Iceland kusomea elimu ya mvuke, wakarudi, wakachimba, wakakosea, wakachimba tena. Leo Kenya inaongoza barani Afrika kwa umeme wa mvuke, na zaidi ya asilimia 40 ya umeme wetu hutoka ardhini mwa Bonde la Ufa. Hapakuwa na muujiza. Palikuwa na subira ya miaka mingi, fedha zilizofika mahali pake, na wataalamu walioachwa wazeeke katika kazi moja. Wala tusiifiche doa iliyopo: jamii za Wamaasai zilizohamishwa mwaka 2014 kupisha upanuzi wa mradi zililazimika kupeleka malalamiko yao hadi Benki ya Dunia. Teknolojia isiyomsikiliza mwenye ardhi huzaa dhuluma mpya, hata ikiwa haina moshi.

Nendeni pia Mbita, kando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1970 mwana wa nchi hii, Profesa Thomas Odhiambo, alianzisha taasisi ya utafiti wa wadudu iitwayo ICIPE. Huko wataalamu, wakishirikiana na wenzao wa Uingereza na watafiti wetu wa kilimo, walitazama namna funza anavyotoboa bua la mhindi na namna gugu la striga, ambalo Waluo huliita kayongo, linavyonyonya mizizi. Wakaja na njia ambayo haihitaji sumu ya dukani. Mkulima hupanda mmea wa desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi. Harufu yake humfukuza nondo, na mizizi yake huliua gugu na kuirutubisha ardhi. Kisha huzungushia shamba nyasi za nepia, ambazo humvuta nondo akatage mayai huko nje. Vyote viwili ni chakula cha ng'ombe. Hiyo ni sayansi ya juu kabisa, na mama asiyejua kusoma aweza kuitumia, kwa sababu ilijaribiwa shambani kwake naye akiwa shahidi.

Litazameni hata jiko la makaa lililo jikoni mwenu, lile lenye bati nje na udongo wa kuchomwa ndani. Wazo lake lilitoka Thailand. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi wetu wa jua kali, wakisaidiana na wataalamu wa nishati, walilikata, wakalipinda, wakalibadilisha umbo hadi likafaa sufuria ya ugali. Hapakuwa na utepe uliokatwa na mkubwa yeyote. Jiko lilienea kwa sababu lilipunguza makaa, na makaa ni fedha ya mwananchi maskini. Nchi jirani zikaliiga.

Mifano hii mitatu ina siri moja. Katika kila mmoja, mwenye kujua alikuwa na ruhusa ya kukosea na kusahihisha, na mwenye kutumia alikuwa na ruhusa ya kukataa kisichomfaa. Gari la mwaka 1990 na dawa ya mwaka 1990 havikuwa na ruhusa hizo.

Sisi wanasheria nasi tuna sehemu yetu katika habari hii, kwa kuwa sheria yaweza kuwa tanuri la mhunzi au pingu yake. Ni wangapi wanaojua kwamba kwa zaidi ya miaka 25 baada ya Uhuru, Mkenya aliyevumbua kitu hakuweza kupata hati ya uvumbuzi wake hapa nyumbani? Sheria iliyoachwa na mkoloni ilitambua hapa hati zilizokwisha kusajiliwa Uingereza tu. Fundi wa Kariobangi alitakiwa, kisheria, ateremke hadi London kunoa jembe lake. Hali hiyo ilikoma ilipoanza kutumika Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 1989.

Mwaka 2001 sheria hiyo iliandikwa upya, na hapo ndipo wanaharakati na makanisa walipoonyesha nguvu zao. Wakati huo dawa halisi za kupunguza makali ya UKIMWI zilikuwapo duniani, lakini bei yake ilikuwa nje ya uwezo wa Mkenya wa kawaida. Walioishi na virusi, madaktari na mashirika ya kutetea haki walilisukuma Bunge likaweka kifungu kinachoruhusu dawa kuagizwa kutoka nchi inakouzwa kwa bei nafuu. Ghala la dawa la makanisa, MEDS, lililoundwa mwaka 1986 na Wakatoliki pamoja na Waprotestanti, lilikuwa tayari na njia za kufikisha dawa hadi zahanati za misheni. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria ya kupambana na bidhaa ghushi ambayo maneno yake yangeweza kuitia dawa nafuu halali katika kapu moja na dawa bandia. Raia watatu wanaoishi na virusi walikwenda mahakamani. Tarehe 20 Aprili 2012 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki ya kuishi na haki ya afya zina uzito kuliko haki ya mwenye hati ya uvumbuzi, na vifungu vile havikuweza kutumika dhidi ya dawa nafuu. Watu hao watatu hawakuwa na digrii za kemia. Walikuwa na katiba, na ujasiri wa kuitumia.

Basi leo tuko wapi?

Kwa maandishi, tuko pazuri. Katiba ya mwaka 2010, tuliyoipigania kwa miaka 20 kwa jasho na damu, inaitambua katika Kifungu cha 11 nafasi ya sayansi na ya teknolojia za asili katika maendeleo ya taifa. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa wasomi na uhuru wa utafiti wa kisayansi, ulinzi ambao katiba ya zamani haikuutaja kwa jina. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti na kuamuru iwekewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha.

Kwa vitendo, hali ni nyingine. Pato la taifa la mwaka 2024 lilizidi shilingi trilioni 16. Asilimia 2 yake ni zaidi ya shilingi bilioni 320. Tangu sheria hiyo ipitishwe, haujapita mwaka hata mmoja ambao utafiti umepewa kiwango hicho, wala kinachokikaribia. Hata asilimia 1, ambayo viongozi wa Umoja wa Afrika waliihimiza katika mkutano wao wa Addis Ababa mwaka 2007, hatujaifikia. Raia asipolipa kodi hushtakiwa. Serikali isipotii sheria yake yenyewe ya fedha, nani aishtaki?

Mtu atasema nchi ni maskini. Lakini umaskini huo huonekana zaidi penye utafiti na kusahaulika penye zabuni. Katika mikataba ya Anglo Leasing, iliyofichuka mwaka 2004, mmojawapo ulikuwa wa maabara ya polisi ya kuchunguza uhalifu. Jina la sayansi lilitumika kama kifuniko cha chungu ambacho ndani hamkuwa na mboga. Maabara ya taifa ya kazi hiyo yalifunguliwa mwaka 2022. Katikati hapo, ni kesi ngapi za mauaji na za ubakaji zilianguka kwa kukosa ushahidi wa kitaalamu, na ni maskwota na wajane wangapi waliorudi nyumbani bila haki? Mwaka 2013 watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa kompyuta. Zabuni ikabatilishwa mwaka 2014, na vifaa vikaanza kugawiwa mwaka 2016. Tukiri kwamba shule nyingi za mashambani ziliunganishwa umeme kwa sababu ya mradi huo. Lakini kompyuta bila ya mwalimu aliyefunzwa ni kioo cha kujitazama. Mwaka huo huo wa 2013 liliwekwa jiwe la msingi la jiji la teknolojia la Konza, na jiji lile tuliloahidiwa tungali tunalingoja.

Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mishahara yaliyotiwa saini miaka mingi nyuma. Angalau safari hii chama chao kilikuwa halali. Wenzao waliogoma mwaka 1993 na 1994 walinyimwa hata usajili, ambao uliwafikia mwaka 2003. Uhuru huo ni matunda ya mageuzi. Lakini mtafiti anayeshinda barabarani kudai mshahara hawezi kushinda maabarani.

Na liko tukio moja ambalo halina budi kututia hofu zaidi ya yote. Mwishoni mwa Mei 2025 polisi walimkamata mbunifu kijana wa programu za kompyuta. Kosa lake? Alitengeneza mtandaoni mahali ambapo mwananchi angeweza kutuma kwa Bunge maoni yake kuhusu Mswada wa Fedha. Alilala korokoroni siku kadhaa, akashtakiwa chini ya sheria ya uhalifu wa kompyuta, na mwezi Juni mahakama ikaitupilia mbali kesi hiyo. Serikali iyo hiyo kila mwaka huwahimiza vijana wabuni na wajiajiri. Kijana alibuni, na alichokibuni kilikuwa njia ya raia kusema na wabunge wake. Haya ndiyo mazoea ya mwaka 1982 yaliyovaa nguo za karne mpya: bunini, lakini msibuni chochote kitakachotuuliza swali.

Tunayageukia makanisa kwa heshima, kwa kuwa katika jambo hili makanisa hayaanzi leo. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti juu ya vijana waliomaliza shule ya msingi wasiwe na pa kwenda. Ripoti hiyo ndiyo iliyozaa vyuo vya ufundi vya vijiji, ambamo vijana walifunzwa useremala, uashi, ushonaji na ufuaji wa vyuma kwa vifaa vilivyopatikana karibu. Serikali ikavichukua baadaye. Katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 vyuo hivyo vimetajwa kwa jina kuwa jukumu la kaunti. Hivyo ndivyo wazo la kanisa lilivyoingia katika sheria kuu ya nchi. Na bado twaona mfano ulio hai: Bruda Peter Tabichi, Mfransisko anayefundisha sayansi huko Njoro, katika shule ya kutwa isiyokuwa na utajiri, alipewa mwaka 2019 tuzo ya mwalimu bora duniani. Wanafunzi wake walikuwa wametengeneza vifaa vyao wenyewe vya kisayansi. Sehemu kubwa ya mshahara wake aliwapa wahitaji.

Basi tunadai nini?

Kwanza, Hazina ya Serikali ichapishe kila mwaka, kwa lugha ambayo mwananchi anaielewa, kiasi kilichopewa utafiti, aliyekipokea na kilichopatikana. Kama asilimia 2 haiwezekani kwa siku moja, wabunge waweke ngazi ya miaka inayojulikana, na kila mwaka tuwapime kwa ngazi hiyo.

Pili, wakuu wa taasisi za utafiti wapatikane kwa ushindani wa wazi, na matokeo ya utafiti unaolipiwa na umma yatolewe hadharani, yawe ya kufurahisha au ya kukatisha tamaa. Mwanasiasa asitangaze dawa, mbegu wala mashine kabla ya wataalamu wengine kuipima.

Tatu, kila kaunti iseme imetenga kiasi gani kwa vyuo vya ufundi vya vijiji. Tunaomba kila parokia na kila usharika uunde kamati ya watu watatu, watembelee chuo kilicho karibu, wahesabu mashine zinazofanya kazi na walimu waliopo, kisha wamwandikie gavana na diwani wao.

Nne, mawakili walio katika makanisa yetu wajitolee kuwasaidia mafundi wa jua kali kusajili ubunifu wao. Sheria ya 2001 inatambua hata maboresho madogo ya zana. Fundi hajui, na asiyejua haki yake ni kama hana.

Tano, sheria za kompyuta zisitumiwe kamwe kumfunga mbunifu kwa sababu kazi yake imewapa wananchi sauti.

Makadirio ya bajeti ya taifa hufika Bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na Katiba inaamuru wananchi washirikishwe. Tumezoea kufika kwenye vikao hivyo kuzungumzia bei ya unga na ushuru wa mafuta, na ni haki yetu. Safari hii, ndugu zetu, tufike pia na swali la wahunzi. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, na watawala wanaotaka tuendelee kutegemea wapo, ndani ya nchi na nje yake. Hawatatujengea tanuri kwa hiari yao. Andikeni barua, zikatiwe sahihi baada ya ibada, zipelekwe kwa mkono ofisini kwa mbunge, na nakala ibaki kanisani ili mwakani tujue tulimwuliza nini, naye alijibu nini.